Ile Bunduki Ndogo Uliyoitaka, Baba

Baba yangu mpenzi,

Mbweha wamerudi shambani. Mwezi uliopita walichukua kitoto cha yule mbuzi wako mweupe, na mimi nilisimama zizini na bunduki yako mkononi, nisiweze hata kuinyanyua.

Unaikumbuka siku tuliyokwenda kuichagua? Tulitoka nyumbani Hail asubuhi, na kila tuliposimama kwenye taa za barabarani ulitoa kibali cha bunduki mfukoni ukakisoma tena. Duka lenyewe liko mtaa wa Wattaya, nyuma ya maduka ya magari. Uliingia ukaenda moja kwa moja kwenye ile ndogo, ya risasi nyembamba, ukaipakata kama mtu aliyepewa mjukuu.

"Hii yanitosha, mwanangu. Mbweha wenyewe hata paka wa Hail wamewashinda unene."

Nikacheka mbele ya muuzaji. "Baba, hiyo ya kupigia kunguru! Watu watatucheka."

Ukanieleza kwa upole. Mbweha huja mpaka karibu na zizi, hatua thelathini tu. Nyumba zimejaa siku hizi, na risasi kubwa ikishampita mnyama haijulikani itamkuta nani. Mlio mkubwa huwafanya mbuzi waharibu mimba. Sababu zote ulizitoa, ila moja. Nami kwa ubishi wangu nikamwambia muuzaji atufungie bunduki kubwa, kwa kuwa binamu zangu wanayo na nilitaka nawe uwe nayo. Ukalisugua bega lako la kulia.

"Haya," ukasema, "khiyari yako."

Basi kila Ijumaa baada ya sala nikawa nakupigia simu. "Umeijaribu, Baba?" Nawe hujibu, "Nimepiga mbili leo. Nzuri, alhamdulillahi." Nikijiona mwana mwema.

Siku tuliyokuosha kabla ya kukuzika, mimi nilikuwa upande wako wa kulia, na Ami Salum, mdogo wako, akimimina maji. Nilipoinua mkono wako nikaliona bega. Damu ilikuwa imevilia, nyeusi, na pembeni alama za zamani zimeshageuka manjano, moja juu ya nyingine. Kumbe kile kitako cha bunduki kilikuwa kikikupiga kila Ijumaa, na vile vidonge vyako vya kuzuia damu isigande havikuiacha ngozi ipone. Nikamtazama Ami.

"Nilimwambia aiuze," akasema. "Akanambia, nnaogopa mtoto atavunjika moyo."

Daktari kasema umekufa kwa maradhi ya moyo, na ninamwamini. Lakini Baba, kwa nini hukuniambia? Nimekukasirikia, na kumkasirikia maiti ni kazi ngumu. Nimejikasirikia zaidi mimi, niliyekuona dukani unalisugua lile bega nikadhani unajikuna.

Wiki hii nimerudi Wattaya, kibali sasa kina jina langu, nimeibadilisha ile kubwa. Ile ndogo uliyoipakata ilikuwa bado ipo. Leo, baada ya sala ya Ijumaa, nimeweka kopo mbele ya lundo la mchanga pale shambani, nikapiga. Kopo likaanguka, na mbuzi hawakuacha kula. Nikangoja bega liume.

Halikuuma hata kidogo, Baba.

Pumzika, mzee wangu. Unisamehe bega lako.

Mwanao, uliyeogopa kumvunja moyo