Pengo Si Sifuri

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, hofu ni kwako na kwa baba. Huku kazini diski ya kompyuta ilijaa pomoni. Ramani yetu ya mvua imekatwa vipande, kila kipande faili lake, na vingi vina sifuri tupu, yaani hakuna mvua. Nimeiagiza programu ya Python isihifadhi kipande kitupu. Ukikiomba, inakujazia sifuri yenyewe. Diski imepumua!

Na sisi tufanye hivyo. Najua simu huko haishiki, lakini barua zako kila wiki ni "hatujambo, hakuna jipya". Kama hakuna jipya, usijisumbue. Nisipopata barua nitajua baba hajambo.

Mdogo wako, kitindamimba

11 Machi

Kitindamimba,

Huku hatujambo, sijui wewe na hiyo diski yako. Haya, msomi wetu! Posta yenyewe mbali, nitapumzisha miguu. Baba alicheka, kisha akauliza, "Kwa hiyo hata yeye hataandika?" Nimemwambia kazi zimekubana.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Hamjambo? Nauliza kweli, si kwa mazoea. Kipimo kimoja cha mvua kiliharibika, kikawa hakitumi kitu. Ramani ikajaza sifuri, tukatangaza ukame, kumbe huko watu wanakimbia mafuriko. Mkuu amenifokea, na ana haki. Sasa pasipopimwa panasomeka "haijulikani", na sifuri iliyopimwa tunaihifadhi. Vipande visivyopimwa ndivyo tusivyohifadhi sasa, na diski bado haijajaa.

Nilipomaliza kurekebisha nikawakumbuka ninyi, nikaogopa. Baba yukoje? Niandikie hata neno moja.

Mdogo wako

10 Juni

Mdogo wangu,

Mimi mzima, ila nimechoka. Baba alipatwa na kiharusi mwezi wa nne. Kuuguza si mchezo: mchana wodini, jioni kufua mashuka, na posta sikuiona. Sasa yuko nyumbani. Mkono wa kulia haunyanyuki na ulimi mzito, lakini akili anayo.

Huko wodini kila nikiingia aliuliza kama umeandika. Nikawa namwambia kazi, kazi. Jana nimemsomea barua yako. Hayo ya vipande hakuyataka, amenirudisha pale uliposema "Baba yukoje?" Nimesoma, akasema, "Tena." Nimesoma tena.

Njoo umuulize mwenyewe.

Dada yako