Robo Volti ya Ekal

Alhamisi, Lodwar

Nilimwambia Ekal asiguse volti. Nilimwambia mara mbili.

Kompyuta ni ya Mama Achol wa Kakuma, ya zamani sana, na ndani yake mna nyimbo alizorekodi marehemu mume wake. Alitaka iongezwe kasi kidogo tu, nyimbo zisikatikekatike. Siku tatu nimekuwa nikipandisha kasi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, polepole, na volti za umeme unaoilisha hatua moja moja, kisha naiacha ifanye kazi mchana kutwa kwenye joto hili nione kama itazima. Volti zilipofika 1.75 mashine ikatulia. Nikaishia hapo.

Ekal, mwenzangu wa duka, akaona huo ni woga. Nilipotoka kula akaiweka 2.0. Nilirudi nikakuta harufu ya kuungua, naye anapepea mashine kwa kadibodi.

"Kwani robo volti inaweza kuua?" akaniuliza.

Imeua. Prosesa kama hiyo sijui nitaipata wapi.

Mama Achol alifika saa tisa. Ekal akatoka nje kujifanya anaongea na simu, kwa hiyo ni mimi niliyemwambia. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na sauti yake iko?"

Iko. Diski haikuguswa, nashukuru Mungu. Niliiunganisha kwenye mashine yangu, akakaa kwenye stuli akisikiliza.

Wimbo ukiendelea, Ekal akaingia na kuanza kumweleza habari za volti. Nilimwambia atoke. Akaniangalia kama mimi ndiye mwenye makosa, halafu akatoka.

Sijuti hata kidogo.