Ngazi Tatu za Dympna Heslin

Nyinyi mnaosoma tangazo hili, msigeuze uso. Mligeuza miaka na miaka, kila mlipompita kwenye kiti chake cha magurudumu nje ya mlango wa kanisa la Kilcorra, mvua ikimnyea.

Mwaka umezunguka tangu ututoke, Dympna, na cherehani yako ingali imefunikwa kitambaa kilekile. Ulizaliwa na mgongo wazi, na kabla kidonda hakijashonwa majirani walishapata wa kumlaumu: "Philomena alikula viazi vyenye ukungu." Mama yetu Philomena akawaamini. Mke wa mkulima wa viazi, hakutia kiazi kinywani tena mpaka anaingia kaburini. Hakuna aliyemwomba radhi.

Mikono yako ilishona magauni meupe ya komunyo ya kwanza, ya mabinti wa parokia nzima. Mtoto akilia wakati wa kupimwa ulimwambia, "Tulia, malkia, nisije nikakushona na masikio." Siku yenyewe ikifika ulibaki nje, ukisikiliza nyimbo. Hukuwahi kuliona hata gauni lako moja likifika altareni.

Ni ngazi tatu tu pale mlangoni. Ulichoomba ni njia ya mteremko.

"Mwakani, Dympna, Mungu akipenda," alisema padri.

"Mungu ameshapenda, Padri. Umebaki wewe."

Wanaume wakajitia kutaka kukubeba. Ukawatolea macho. "Mimi gunia? Siku mtakayonibeba, jueni nimekufa."

Wakakubeba kweli, mabegani, wakipokezana kama ilivyo desturi yetu. Siku hiyo ngazi hazikumshinda mtu. Kila mmoja alikuwa na nguvu, kila mmoja alikuwa na nafasi.

Sasa yupo Orla, binti wa binamu yetu Noreen: mgongo kama wako, kiti kama chako, na ulimi unaelekea kuwa kama wako. Mwezi wa tano anapokea komunyo. Gauni lake ulilikata ukaliacha mezani. Concepta amelimalizia, pindo halikunyooka kama lako.

Wanaokulilia ni kaka yako Malachy, dada yako Concepta, Noreen na Orla. Hutatutoka moyoni, dada.

Nanyi mlioinua jeneza, misa ya Dympna ya kutimiza mwaka ni Jumamosi hii asubuhi. Maua hatutaki. Leteni saruji, mchanga na sepetu. Misa ikiisha tunamwaga zege pale mlangoni, padri apende asipende.

Orla hatabebwa.