Mchicha Alioung'oa Mektilda

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
15 Juni 2025.

Mpendwa Kaka Leodegar,

Shikamoo. Habari za Windhoek na baridi yake? Goti je, limekubali ngazi? Sisi wazima, mafua yangu yamekwisha.

Nakupa habari za binti yako kabla hazijakufikia zimetiwa chumvi.

Celina anaotesha mchicha wa utafiti wa shahada yake juu ya paa letu, vikombe arobaini vyenye namba, mche mmoja kila kikombe. Miche kumi na minane ina kasoro ya mbegu. Orodha yake imo kwenye bahasha iliyofungwa, aliyonayo mwalimu wake. Celina alitakiwa aitambue kwa macho, kisha aikuze mpaka izae.

Kasoro yenyewe ni hii. Kila seli ya mmea ina ukuta, na ukuta hufumwa kwa kazi ya vimeng'enya. Vikizembea, ukuta unakuwa dhaifu, haustahimili msukumo wa maji ya ndani, na mche unadumaa.

Jumanne dada yetu Mektilda alipanda kumwagilia. Unamjua, miaka ishirini anauza mboga sokoni. Kwake mche uliodumaa ni wa kung'olewa. Akaing'oa yote ya namna hiyo, akaitia kwenye karai la maji, akaona amesaidia.

Celina alikaa kwenye ngazi. "Shangazi, umeng'oa shahada yangu."

Mektilda hakuomba radhi, alidai maelezo. Alipoelezwa akauliza, "Kumeng'enya si kuvunjavunja chakula tumboni? Hivi vyako vinajengaje?" Celina akamjibu kwamba vipo vya kuvunja na vipo vya kujenga.

"Basi mafundi wako wamegoma," akasema Mektilda, na wakaanza kuirudisha miche udongoni.

Ijumaa mwalimu alikuja na bahasha. Vikombe alivyoviacha vitupu Mektilda ndivyo vilivyokuwa kwenye orodha, vyote kumi na vinane. Mwalimu akamuuliza alitambuaje.

"Ukilibana shina, halikatai."

Mwalimu alimwomba arudie, akaandika. Sasa Celina ameagizwa apime ugumu wa mashina pia, jambo ambalo hawakulipanga. Miche kumi na miwili imeshika, inatosha kwa mbegu. Oktoba atatetea kazi yake. Mektilda ameshanunua kitenge, na anawaambia wateja kwamba wanasoma wawili.

Msalimie shemeji Joyceline, na Vitalis mwambie baba yake mdogo anamkumbuka. Mungu awape afya na riziki huko mliko.

Mdogo wako akupendaye,
Ansbert