Nafasi Sita za Kadi, na Fizi Zangu

Jumanne. Mawingu tangu asubuhi, mvua hakuna.

Leo mchana nimekula ugali kwa kuumung'unya kama bibi kizee, nikiusukuma kwa ulimi upande wa kushoto, maana mbele hapashikiki. Niseme ukweli hapa, kwa sababu nyumbani nikiusema naambiwa nadeka. Meno yangu yanacheza. Manne ya mbele, mawili juu na mawili chini. Nina miaka thelathini na moja.

Damu nimeshaizoea. Mwaka juzi ilikuwa kwenye mswaki tu. Mwaka jana ikaanza kubaki kwenye hindi la kuchoma, nikawa nalifuta haraka kabla watu hawajaona. Sasa nikiamka naikuta kwenye mto. Harufu ndiyo sijaizoea, na najua wenzangu nao hawajaizoea. Mwalimu mwenzangu akiongea na mimi siku hizi anasimama ubavuni, anatazama uwanjani kama anahesabu miti.

Nafundisha darasa la kwanza hapa Nkoma, kwa kujitolea. Huu ni mwaka wa nne nangoja ajira. Wazazi wa watoto wanachanga kidogo, napata posho ya sabuni na vocha. Watoto wa darasa la kwanza hawasomi ubaoni, watu wasiowafundisha hawalijui hili. Wanasoma mdomoni kwa mwalimu. Nikifundisha sauti ya f, nang'ata mdomo wa chini kwa meno ya juu, na wao wote wanang'ata midomo yao huku wananitazama. Wiki iliyopita nilipong'ata, jino likarudi nyuma. Nikaacha f pale pale, nikahamia m.

Yale ya juu yakitoka, hata kazi hii isiyo na mshahara sitaiweza. Hiyo ndiyo hofu yangu, sina haja ya kuizungusha.

Sasa kuhusu kadi.

Nyumbani tupo wanane, na kadi ya bima ya kaya inabeba watu sita. Mwaka jana, baada ya kuuza pamba, alikuja mwandikishaji na simu yake ya kupigia picha. Baba akawa wa kwanza, akavaa koti kabisa. Akafuata mama, sisi tunamwita mayu. Kisha Minza, mdogo wangu wa kike wa miaka kumi na tisa, ambaye kwa baba bado ni mtoto, na Masanja anayesoma sekondari. Nafasi mbili za mwisho wakapewa watoto wa marehemu kaka yangu, mmoja ana miaka saba, mwingine mitatu. Tukabaki mimi na mke wa marehemu. Baba akaniambia mbele ya yule mwandikishaji, "Wewe ni wa kwenda. Utaandikwa huko utakakokwenda."

Kwetu binti hasemwi vibaya kwa neno hilo. Binti ni wa kwenda, ng'ombe ni wa kuja, ndivyo tulivyokua. Nilicheka, nikaenda kuwapikia chai.

Tangu siku hiyo nikajua sina matibabu. Nikajitibu. Chumvi, halafu mkaa uliosagwa. Huku kwetu maji ya visima yanapaka meno rangi ya kahawia tangu utoto, kwa hiyo kila mtu anajua kusugua. Nimesugua kwa mkaa asubuhi na jioni, kwa nguvu zangu zote, nikiamini kwamba fizi ikitoka damu ni uchafu unatoka. Damu ikizidi nasugua zaidi.

Juzi Jumapili mayu aliniona nimeshika shavu jikoni. Hakuuliza. Alisema tu kwamba mimi na Minza tumefanana tangu Minza akiwa mdogo, na picha ya kwenye kadi ni ndogo.

Ninaandika hili kwa aibu. Jana nilikwenda zahanati na kadi ya kaya, na muuguzi aliyepo ni mgeni, ana wiki tatu kijijini, akaniandikia rufaa kwa jina la mdogo wangu. Leo alfajiri nikapanda bodaboda mpaka Bariadi, mkono mmoja nimeshika kidevu njia nzima ili meno yasigongane kwenye matuta. Hospitalini dirishani waliita "Minza" mara mbili kabla sijakumbuka kwamba ni mimi.

Tabibu wa meno ni dada mmoja mfupi, mpole, ananizidi labda miaka miwili. Alinilaza kwenye kile kiti, akawasha taa, akapitisha kijichuma chembamba kati ya fizi na jino, akawa anamtajia msaidizi wake namba. Akatazama faili, akanitazama mimi. Akamtuma msaidizi akalete pamba.

"Dada, hizi si fizi za miaka kumi na tisa. Wewe ni nani?"

Nilidhani naitiwa polisi. Nikamtajia jina langu, nikamwambia kila kitu, mpaka na koti la baba. Nililia na mdomo wazi, taa inanimulika, sijawahi kujiona mnyonge namna ile mbele ya mtu mzima mwenzangu.

Hakunigombeza. Alisema hawezi kuandika kwenye faili la Minza, kwa sababu siku Minza akija na jino lake watakuta ameshaandikiwa meno yanayocheza, na yeye ni mzima. Akakata mstari kwenye ile karatasi ya rufaa. Kisha akanieleza ugonjwa wangu. Kuna ugaga, ule uchafu uliogeuka kuwa jiwe, umekaa chini ya fizi. Ule ndio unaokula mfupa unaoshika meno. Mkaa haufiki huko. Kazi ambayo mkaa umefanya ni kuisukuma fizi ipande juu, mizizi ikabaki wazi. Kwa hiyo miezi yote hiyo nilikuwa nauguza kwa mkono mmoja na kuumiza kwa huo huo.

Nikamuuliza kwa nini basi watu wakija na jino bovu wanang'olewa tu. Akasema kwa sababu ndicho wanachokiomba. Mtu anavumilia mwaka mzima, akija anataka litoke arudi shambani. Kusafisha fizi kunahitaji kurudi mara mbili, mara tatu, na wengi hawarudi.

Halafu akanipeleka kwenye korido, akasukuma mlango wa chumba chake ukajifunga. Nyuma ya ule mlango, ukutani, kuna orodha ya bei. Mlango unashinda wazi tangu asubuhi kwa ajili ya hewa, kwa hiyo orodha inashinda imefunikwa. Nikaisoma. Kumwona tabibu. Kung'oa jino. Kukwangua ugaga, taya moja. Dawa ya kusukutua. Kila kitu kimeandikwa, bei yake pembeni.

Taya moja ni karibu na posho yangu ya mwezi mzima. Ni nyingi kwangu. Lakini si ile bei niliyokuwa nayo kichwani. Mimi nilikuwa na habari za mtu aliyekwenda kliniki ya kulipia Mwanza, akauza mbuzi. Mwaka mzima natembea na bei ya Mwanza kichwani, na sikuwahi kumwuliza mtu yeyote bei ya hapa. Mwalimu mzima.

Nikauliza je, ningekuwa kwenye kadi? Akasema kwa rufaa halali, kukwangua kungeingia, ningekuja bila kutoa kitu. Akaniuliza waliomo kwenye kadi yetu ni akina nani. Nikamtajia mmoja mmoja. Akaniuliza umri wa baba. Sitini na nane. Mama? Sitini na mbili. Na yule mtoto mdogo? Mitatu.

Akavua glavu taratibu. Akasema mzee wa zaidi ya miaka sitini asiyejiweza akiwa na kitambulisho cha wazee anatibiwa kwa msamaha. Mtoto wa chini ya miaka mitano naye ana msamaha. Hao watatu wana mlango wao mwingine. "Nafasi tatu, dada. Mngeweza kuenea nyote."

Nilikaa kwenye benchi la nje, nikawahesabu tena kwa vidole. Nafasi tatu. Nilikuwa nimeshakubali kwamba mimi ndiye niliyezidi, kwamba kaya ilijaa kabla haijanifikia. Kumbe haikujaa.

Kabla sijatoka, tabibu alisema ya juu mawili yanaweza kushika tena, ugaga ukitoka wiki hii au ijayo. Ya chini mawili hana uhakika, lakini yakisafishwa sasa hivi angejaribu. Mwezi mmoja zaidi, hayatashika. Nikamuuliza je, nikimsubiri mwandikishaji baada ya mavuno? Akatikisa kichwa. Kuna ofisi ya ustawi wa jamii ya kuomba msamaha, lakini inataka barua kutoka kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji wetu yuko semina, haijulikani atarudi lini.

Jioni nilimngoja baba atoke zizini. Nilimweleza taratibu, kwa heshima, nikianzia kwenye ugonjwa na kuishia kwenye zile nafasi. Sehemu ya Minza niliiruka, mayu alinitazama akaelewa. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akarudi na kitambulisho chake cha wazee, kimefungwa kwenye nailoni, safi kabisa.

Alikuwa anajua. Aliniambia hivyo bila kuficha, wala hakuona cha kuficha. Anajua kitambulisho kinatibu. Lakini kadi ya kaya isiyo na sura ya mwenye kaya, watu wangesema ni kaya ya nani?

Mayu alikuwa anachambua mboga, akaendelea kuchambua.

Baadaye baba alinihurumia, najua alinihurumia, kwa sababu sauti yake ilishuka. Alisema, "Mwakani tutakuandika, mwanangu. Kama utakuwa bado upo hapa."

Kwake ile ni dua. Ananiombea niwe nimeolewa. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna atakayeswaga ng'ombe mpaka hapa kwa ajili ya mwanamke anayefunika mdomo kwa khanga akicheka. Nilitaka kumwambia kwamba tangu mwaka jana nipo hapa hapa, naliona koti lake limening'inia kwenye msumari. Nikamshukuru tu, "Wabeja, baba." Nikainuka.

Nimemkasirikia. Na bado nampenda, hicho ndicho kinachonichosha.

Basi nimeamua. Nina pesa ya taya moja. Nimefikiria nikope, nikakumbuka wote ninaoweza kuwakopa wanangoja pamba kama sisi. Ijumaa nakwenda Bariadi, naingia kwa jina langu, nalipia taya la juu. Ya juu ndiyo ya kufundishia. Ya chini nimeyaachia.

Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta mara tatu. Nani ameniweka mimi nichague kati ya meno yangu mwenyewe?

Tabibu alinionyesha namna ya kupiga mswaki: kwa wepesi, miviringo midogo, kuanzia kwenye fizi. Kabla sijakaa kuandika nilitoka nje na kikombe cha maji nikajaribu. Nilianza na ya juu, moja moja, kama alivyonielekeza. Nikayamaliza. Nikajiambia inatosha, maji yenyewe ni ya kuhesabu.

Kisha nikapiga na ya chini. Polepole kuliko yale ya juu.