Dakika Zangu Tatu

Trudy acha unachopika unisikilize. Natoka kikao cha baraza la mji, niko kwenye gari.

Unajua nimepigania uzio wa ule mfereji wa shuleni miaka miwili. Leo ndiyo ilikuwa zamu yangu ya kuzungumza. Kila mtu dakika tatu, taa nyekundu ikiwaka unakaa.

Corinne jirani yangu akaninong'oneza, "Mpenzi, nigawie zako, nizungumze sita kwa niaba yetu."

Nikampa. Nikampa, Trudy! Nikasaini hadi karatasi ya kumwachia dakika zangu!!

Akasimulia mbwa alivyozolewa na maji. Mbwa WANGU. Yeye anafuga paka!

Akalia machozi kabisa. Ukumbi mzima ukasimama. Meya anafuta miwani, "Mama, siku zote ulikuwa wapi?"

Alikuwa wapi? Alikuwa jikoni kwangu anamaliza pai yangu ya tufaha, mimi nikifanya mazoezi ya hotuba yangu mbele yake!

Uzio umepitishwa. Nimefurahi. Sijafurahi hata kidogo.

Ngoja, bado. Ile nafasi ya diwani aliyehama? Baraza likampa yeye. Palepale, kura zote. Mimi mwenye faili la kurasa mia nimekaa nimemshikia koti.

Ameniandikia sasa hivi, sikia mwenyewe: "Jirani, diwani wako nakusikiliza. Una kero gani hapo mtaani?"

Kero!

Trudy, uzio wanaanza kuuweka Jumatatu. Leo mfereji uko wazi, na koti lake bado ninalo mimi.