Maganda Mlangoni kwa Bibi

Bibi, mke wangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikikuandikia bila shikamoo utanifuata ndotoni na mwiko. Ni mie mjukuu wako Saidi, yule uliyekuwa ukiwatambia wageni, "Huyu ndiye mume wangu, babu yake alikuwa mpangaji tu." Nimekaa kibarazani kwako Madale, na mbele yangu kuna nyanya. Nikisema nyanya, Bibi, elewa nasema nyanya. Mie nimetembea, unajua. Nimeuza sokoni Durban, nimebeba mizigo Maskati, nimeona nyanya za wenye pesa zimeviringishwa karatasi kama mtoto mchanga. Hazifui dafu mbele ya hizi zako.

Lakini zilitaka kutushinda, na jina lako lilitaka kwenda nazo.

Ulipoondoka nilihama chumba cha Mwenge nikaja kukaa kwako, bustani isibaki yatima. Kibanda changu cha chipsi bado kiko palepale Mwenge, na foleni imezidi, maana mkono huu siku hizi unageuza chipsi mayai hewani. Basi siku za mwanzo naangalia nyanya zako: juu nyekundu, chini zimeoza, kitako cheusi. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Kitako kikioza, mche una njaa ya mifupa." Dawa nikaijua, maganda ya mayai. Na Dar hii nani ana maganda kunishinda mie? Wewe nilikuwaga nakuletea kimfuko kila Ijumaa, unashukuru kama nimekuletea dhahabu. Safari hii nikaja na kiroba. Nikamwaga bustani nzima, yakiwa mazimamazima, mpaka udongo ukawa mweupe. Nikashika kiuno. Nikasema Bibi angeiona hii angekubali nimwoe upya.

Bibi, sikuyaosha. Sikuyatwanga.

Kunguru wakapeana habari. Asubuhi majirani wanafungua milango: ganda barazani, ganda kwenye ndoo ya maji, ganda juu ya kanga iliyoanikwa. Na watu wetu unawajua, yai likikutwa njia panda hakuna anayeuliza limetagwa na kuku gani. Mama Shukuru, jirani yetu wa ukuta wa chini, alilikuta la kwake kizingitini siku mwanawe kaamka na homa. Yule mtoto uliyekuwa ukimkanda mwenyewe tangu yuko mchanga. Maneno yakaanzia bombani. "Bibi alikuwa na mambo yake, kamwachia mjukuu." "Nyanya gani zile zinazaa kiangazi?"

Mie wanitukane, nimezoea. Mteja mwenye njaa hana adabu. Lakini wewe? Wewe uliyewapitishia mchicha juu ya ukuta bila kuombwa? Nilikaa kitandani kwako nikalia, Bibi. Mie, mtu wa Durban.

Mwenyekiti wa mtaa akatuita. Kauli ya watu ilikuwa moja, bustani ing'olewe, ichomwe moto. Nikasimama. Shule niliiacha njiani, hilo unalijua, lakini mdomo niliusomesha mpaka mwisho. Nikawaambia, "Wazee wangu, shikamooni. Mchawi mtamwona kesho asubuhi. Njooni kibarazani kwa Bibi, chai na chapati kwangu. Asipotokea, panga nalishika mwenyewe."

Wakaja. Nani anasusa chapati? Tumekaa hivi, kunguru huyo akatua katikati ya nyanya. Akachagua ganda kama mama anayechagua kitenge, hili analiacha, lile analigeuza, akaruka nalo mpaka juu ya bati la Mama Shukuru. Akalikanyaga, akadonoa ule utando wa ndani, akamaliza, akaliachia. Likaangukia kizingitini.

Kisha Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Haya, mchawi tumemwona. Ana mabawa."

Walicheka, Bibi, mpaka chai ikamwagika. Mama Shukuru alijifunika kanga usoni, na chini ya ile kanga sidhani kama kilikuwa kicheko peke yake.

Nikakitoa kinu chako mbele yao. Nikaokota maganda, nikayaosha, nikayaanika juani. Birika la pili lilipokwisha yalikuwa makavu, nikaanza kutwanga, na sauti yako nikaiga kabisa: "Mche hauna meno, mume wangu. Usagie." Kikongwe mmoja akasema, "Ndiye yeye mtupu." Hapo nikainama, nikatwanga kwa nguvu zaidi.

Ile miche ya mwanzo haikupona, sikudanganyi. Nikapanda mingine, unga wa maganda nikautia kwenye kila shimo, na maji kila asubuhi kama ulivyokuwa ukitaka, siyo leo pipa kesho kiu. Bwana shamba aliyepita hapa akasema hayo maji nayo ni nusu ya dawa. Nikamwambia, Bibi alijua, unadhani alikuwa akiniamsha alfajiri na ndoo kwa mapenzi? Sasa zione. Vitako safi kama vya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Juzi tulipokusomea hitma, kachumbari yote ilitoka hapa, na Mwenyekiti alirudia sahani huku anajidai anaonja chumvi.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni cha leo. Nimefungua mlango asubuhi, nikakuta maganda ya mayai kizingitini. Yako kwenye mfuko, yameoshwa, yamekauka, yametwangwa laini kama unga wa ngano. Nikainua macho nikamwona Mama Shukuru anaingia kwake haraka haraka, hageuki nyuma. Pembeni kuna mfuko mwingine sijui wa nani. Na kikopo. Na bakuli la maganda limefunikwa kisahani, kunguru wasiibe.

Maganda mlangoni kwako, Bibi, yameletwa na walewale waliotaka bustani ichomwe. Nilivimba mpaka mlango ukawa mwembamba.

Basi pumzika, mke wangu. Talaka sijakupa na sitoi. Mrehani niliokupandia kichwani pa kaburi lako umeshika, Ijumaa nitaupitia na kiganja cha unga wa maganda. Kinu chako nakuahidi hakitalala na vumbi maadamu mkono huu unapasua yai. Na mche wowote usio na meno katika mtaa huu, ujue yupo wa kuutafunia.

Mumeo,
Saidi